Maswali ya Wasomaji: Fluti inapumua, ogani haipumui

Safari hii barua zote zinahusu jambo moja: fluti na ogani kupiga pamoja, watu wawili tu, kanisani, harusini au kwenye tamasha dogo. Tuelewane kwanza. Fluti tunayoizungumzia ni ile ya kulaza, ya chuma, si filimbi ya refa wala ile ya plastiki ya shuleni. Ogani ni ya mabomba au ya umeme. Mwenye kinanda cha kawaida cha kwaya naye yumo, na pale mambo yanapotofautiana tutamtaja.

Shikamooni. Kinanda chetu ni cha umeme. Misa ikianza, mpiga fluti yuko sawa na mimi. Ikifika komunyo amepanda, hata waimbaji wanageuka kumtazama. Nani anakosea? (Mpiga kinanda, Dar es Salaam)

Marahaba. Hakuna anayekosea, ila wa kusogea ni mwenye fluti. Kinanda cha umeme hakijui joto wala baridi: A yake, nota ya kutunia, ni 440 (mitetemo kwa sekunde) asubuhi, na ni 440 mchana kanisa likiwa limejaa. Fluti ni safu ya hewa ndani ya bomba, na hewa ikipata joto sauti yake hupanda. Mwenzako anatuni fluti ikiwa baridi, anapiga nyimbo mbili, bomba linapata joto, kanisa nalo linapata joto. Ndiyo maana tatizo linajitokeza komunyo na si mwanzo wa misa.

Afanye hivi. Dakika kumi kabla ya kutuni aweke midomo kuzunguka tundu lote la kupulizia, afunge vifuniko vyote kwa vidole, kisha apumue ndani hewa ya joto polepole, kama anayepasha viganja, mara nane au kumi. Apige ngazi chache. Hapo ndipo umpe A, sauti moja tupu, bila mtetemo na bila ile sauti ya "strings" inayoelea. Baada ya A mpe D ya juu yake, kisha A ya oktava ya juu, mwisho D ya chini. Fluti iliyotuniwa kwa A peke yake hudanganya.

Kama imepanda, avute nje kidogo kichwa cha fluti, kile kipande chenye tundu la kupulizia. Kipimo cha kukumbuka: nusu sauti moja imegawanywa senti 100, na kuvuta milimita 1 hushusha A ya kati kwa karibu senti 4. Fluti nyingi zimetengenezwa kwa 442, kwa hiyo kichwa kuwa nje milimita 3 hadi 6 ni jambo la kawaida. Akizidisha sana, fluti hujivuruga yenyewe, kwani milimita ileile huonekana zaidi kwenye nota za bomba fupi (C na C kreshi ya kati, yaani C iliyopandishwa nusu sauti) kuliko za bomba refu (D na C ya chini). Matokeo yake C imeshuka wakati D ya chini bado iko juu.

Ikiwa amevuta karibu sentimita nzima na bado yuko juu, achunguze koki, yaani kizibo kilicho ndani ya kichwa. Kile kijiti cha kusafishia kina mstari mmoja karibu na ncha. Ukikiingiza mpaka kigonge, mstari uonekane katikati ya tundu la kupulizia, yaani milimita 17 kutoka kwenye kibati cha koki. Koki ikikauka husogea, na oktava huachana.

Njia nyingine iko mikononi mwako: pandisha kinanda kizima hadi 441 au 442 kwenye mpangilio wa jumla wa sauti. Ifanye kabla ya misa, si katikati, na mwambie pia mpiga besi. Ukimaliza rudisha 440, maana atakayekikalia jioni hatajua ulichofanya.

Ninaishi Ujerumani, napiga fluti kwenye parokia yenye ogani ya mabomba. Wakati wa baridi mambo yanakuwa kinyume: mimi ndiye niliye juu hata kabla hatujaanza. (Msomaji, Ujerumani)

Si kinyume, ni sheria ileile, ila safari hii chombo kinachohama ni ogani. Mabomba ya kawaida ya ogani husogea kwa karibu senti 3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ogani iliyotuniwa kwa 440 kanisa likiwa na nyuzi 18, ikipigwa kwenye nyuzi 10 itashuka senti 24 hivi, na A yake itakuwa karibu 434. Wewe huku unaipasha fluti yako kwa pumzi ya mwili, kwa hiyo huanguki nayo. Kiangazi mambo hugeuka: ogani hiyohiyo kwenye nyuzi 26 iko karibu 446, na fluti iliyosukumwa hadi mwisho huenda isifike.

Kwa baridi, vuta kichwa milimita 4 au 5, kisha usikilize C na C kreshi ya kati. Zikishuka mno, geuza kichwa ndani kidogo tu badala ya kuendelea kuvuta. Wakati wa mapumziko usiilaze fluti juu ya benchi la mawe. Ikumbatie ndani ya koti.

Mwombe mpiga ogani asizifungue stopu (vitufe vinavyofungua safu za mabomba) za ulimi, kama Trompete na Oboe. Mabomba yake hutoa sauti kwa kibati kinachotetemeka, na hayapandi wala kushuka pamoja na mengine. Katika baridi kali huwa juu ya ogani yenyewe. Kama ni yeye wa kutafuta mahali pa kukutana nawe, afungue Principal 8, stopu ya sauti ya msingi ya ogani, peke yake mtunie hapo. Stopu zenye neno Celeste zimetuniwa makusudi zisikubaliane na wenzake. Huwezi kutuni nazo, hata ukae mpaka usiku.

Ni stopu zipi zifunguliwe ili fluti isikike? Nikipunguza sana kanisa linalalamika kuwa kinanda kimekufa. (Mpiga ogani, Nairobi)

Anza na moja. Namba iliyoandikwa kwenye stopu ni urefu wa bomba kubwa kwa futi: 8 hulia pale unapobonyeza, 4 hulia oktava moja juu, 16 oktava moja chini. Kwa fluti moja, mkono wa kulia na wa kushoto vinatosheka na Gedackt 8, au stopu yoyote ya bomba lililozibwa juu. Sauti yake ni ya mviringo, haina makali, inampa fluti mahali pa kukaa.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuongeza Flute 4 kwa sababu "ni fluti na fluti". Hapo ndipo fluti ya kweli inapopotea. Flute 4 hulia oktava juu ya mkono wako, katika eneo lilelile ambalo mwenzako anapiga, kwa rangi inayofanana na yake. Msikilizaji hatajua yupi ni yupi. Ukitaka mwanga zaidi, ongeza Salicional 8, yenye sauti nyembamba kama ya uzi, au hamia Principal 8 laini ukiwa umefunga kwa pedali sanduku la sauti, lile lenye milango ya kupunguza sauti ya mabomba. Mixture, stopu ya mabomba madogo yenye makali, iache kabisa hadi utakapopiga peke yako.

Miguuni: Subbass 16 ikiwa peke yake hutoa mngurumo usio na nota, na ikiongezwa 8 laini, besi inaeleweka. Ila besi ikikimbia, mfano katika sonata za karne ya 18, toa 16 kabisa au piga besi yote kwa mkono wa kushoto. Mabomba makubwa huchelewa kuamka, na nota nne za haraka hugeuka tope.

Kinachofanya ogani ionekane imekufa mara nyingi si uchache wa stopu, ni wingi wa vidole. Mpiga kinanda wa kwaya amezoea kubeba sauti nne. Fluti ikiwa na sauti ya kwanza, usiipige tena kwa kidole kidogo cha kulia. Iache. Mkono wa kulia ushike alto na tenori, besi iende chini, na yote yakae chini ya C iliyo oktava moja juu ya C ya katikati. Kwenye ubeti wa pili mkono wa kulia unaweza kushika nota mbili ndefu tu wakati besi inatembea.

Wenye kinanda cha kwaya: zima mtetemo, zima "chorus", punguza mwangwi. Mtetemo wa fluti ukikutana na wa mashine, yote miwili inasikika kama kasoro.

Kwaya yetu inatumia nakala za solfa, lakini kijana wetu wa fluti alifundishwa nota za mistari. Tumsaidieje bila kumwandikia kila wimbo upya? (Mwalimu wa kwaya, Moshi)

Mfundishe ngazi saba za funguo nne mnazozitumia zaidi, atajitegemea ndani ya wiki chache. Tuchukue "Doh is F". Aandike juu ya nakala kwa penseli: d ni F, r ni G, m ni A, f ni B fleti, s ni C, l ni D, t ni E. Zinazobadilika: fe ni B ya kawaida, se ni C kreshi, ta ni E fleti. Nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, kistari kinashikilia. Kimstari kidogo juu ya herufi ni oktava ya juu, chini yake ni oktava ya chini. Halafu afanye vivyo hivyo kwa G, D na E fleti.

Kisha apande oktava nzima. Hapa tunasisitiza, kwa sababu wengi hupiga sauti ya kwanza pale ilipoandikwa na kisha wanalaumu maikrofoni. Nyimbo za kusanyiko hukaa kati ya C ya katikati na E iliyo juu ya oktava hiyo. Kwa fluti, sehemu kubwa ya eneo hilo ni sauti ya chini kabisa: tamu, lakini dhaifu, na hailazimishwi. Ukipuliza kwa nguvu inaruka oktava au inapasuka. Oktava moja juu fluti inaangaza bila jasho.

Huko juu kuna mtego mmoja: E ya oktava ya tatu. Kwenye fluti nyingi nota hii hupasuka, hasa ukiifikia kwa kuruka kutoka A. Ainue kidole kidogo cha mkono wa kulia kwa nota hiyo tu. Itatulia.

Jambo la mwisho ni kitufe cha "transpose". Mpiga kinanda anayepiga umbo la F huku ameweka +2 anasikika G, na mwenye fluti amesoma F kwenye nakala. Mkubaliane kutajiana ufunguo unaosikika, si unaobonyezwa. Na kitufe kirudi sifuri kabla ya wimbo unaofuata.

Ogani iko nyuma juu ghorofani, fluti imewekwa mbele karibu na altare ili ionekane. Kila tunachopiga kinazidi kuwa cha polepole. (Wapiga wawili, Kampala)

Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Kwenye kanisa la mita 30, ogani inamfikia mwenye fluti imechelewa milisekunde 90 hivi, na jibu lake linarudi juu limechelewa nyingine 90. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, na mwendo unazama.

Dawa halisi ni fluti kupanda ghorofani. Mnaona picha ya harusi inaharibika, lakini fluti iliyo juu, mita 2 kutoka kwenye ogani, inashuka vizuri kanisani kuliko mnavyodhani. Asimame ubavuni ambapo mpiga ogani anamwona kwa kona ya jicho, au kwenye kioo kidogo, na asielekee ukutani.

Ikishindikana, mmoja aongoze na mwingine afuate, basi. Mpiga ogani ashike mwendo wake bila kuisikiliza fluti kabisa, na mwenye fluti apige pamoja na kile kinachofika masikioni mwake. Ni kazi ngumu kwa mpiga ogani, maana atasikia fluti "imechelewa" muda wote na vidole vitataka kuingoja. Asingoje.

Mkiunganisha kinanda na spika kwa bluetooth mnaongeza kuchelewa kwingine juu ya huko. Tumieni waya.

Kama fluti inahitaji maikrofoni, iwekwe sentimita 30 hivi juu kidogo ya usawa wa midomo, ikielekea kati ya mdomo na mkono wa kushoto. Ikiwekwa mbele ya mdomo itabeba upepo tu.

Mwenzangu ananiambia ninamkaba. Ninapiga sawasawa na nota zilivyoandikwa! (Mpiga kinanda, Dodoma)

Tunaamini kuwa unapiga sawasawa, na huenda ndilo tatizo. Ogani inaweza kushika nota mpaka umeme ukatike. Fluti haina kizuizi cha hewa kama mdomo wa tarumbeta: pumzi nyingi inapita juu ya tundu na kupotea, hivyo mpigaji anaishiwa upesi, na sauti za chini ndizo zinazokula zaidi.

Chukueni penseli mkae pamoja. Yeye aweke alama ya koma kila anapovuta pumzi, nawe uzihamishie kwenye nakala yako. Penye koma, inua mkono wa kulia robo ya pigo kabla, besi iendelee. Msikilizaji atasikia sentensi inaisha, hatasikia mtu anahema. Ukiendelea kushikilia, pumzi yake inageuka shimo lililo wazi juu ya sauti yako.

Nota ya mwisho ina mambo yake. Sauti ya ogani haififii: inalia kwa ukamilifu, kisha inakatika ghafla unapoinua kidole. Fluti inataka kufifia, na inapofifia inashuka. Kwa hiyo punguza wewe kwanza. Funga sanduku la sauti au toa stopu moja kipimo (baa) kimoja kabla, ili asilazimike kunong'ona. Yeye apeleke pumzi juu kidogo, midomo ikisogea mbele, ili asishuke. Na mkubaliane pigo la kuinua: mfano, wote kwenye pigo la nne, yeye akiinua ncha ya fluti kidogo kama ishara.

Tunaruhusiwa kupiga wawili bila kwaya wakati wa Kwaresima? (Mpiga fluti, Mwanza)

Katika liturujia ya Kikatoliki, Kwaresima ala hupigwa kwa ajili ya kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Majilio ni kwa kiasi. Kwa hiyo kipande chenu cha baada ya komunyo kitunzeni mpaka Pasaka, na kabla ya kuchapisha ratiba ya harusi mwulizeni paroko. Madhehebu mengine yana taratibu zake.

Tupige nini? Vitabu vya fluti na ogani hatuvioni madukani. (Wanafunzi wawili, Bujumbura)

Tafuteni muziki wa fluti na "besi endelevu" wa karne ya 18. Umeandikwa mistari miwili tu, fluti na besi yenye tarakimu, na aliyekaa kwenye kinanda alitarajiwa kujaza katikati. Matoleo mengi ya sasa yamekwisha jazwa mkono wa kulia. Kwa kuwa fluti ya wakati ule iliishia D ya chini, nota zake zinamfaa hata anayeanza.

Kwa mara ya kwanza jaribuni Siciliana ya sonata BWV 1031 (namba ya orodha ya kazi za Bach), G ndogo, ambayo hutajwa kuwa ya J. S. Bach ingawa wataalamu wanabishana kama kweli ni yake. Mkono wa kulia una mistari ya nota zinazotembea bila kupumzika: Gedackt 8, bila miguu, mwendo wa kutikisika taratibu wa mapigo mawili kwa kipimo, si sita. Mkiimudu, nendeni BWV 1034, E ndogo, ya fluti na besi endelevu. Vipande vyake vya haraka vina sehemu chache sana za kupumua, kwa hiyo penseli tena. Wakomavu wapo na Frank Martin, mtunzi wa Uswisi, aliyeandika *Sonata da chiesa* mwaka 1938 kwa viola d'amore (ala ya nyuzi) na ogani, kisha akatoa nakala ya fluti na ogani. Hiyo si ya mwaka wa kwanza.

Habari zenu. Vifuniko vya fluti yangu vinanata, hasa karibu na kidole kidogo cha kushoto. Katikati ya kipande kinabaki kimefungwa. (Msomaji, Mombasa)

Hicho ni kifuniko cha G kreshi. Hukaa kimefungwa wakati wote, ndiyo maana yeye na D kreshi ni wa kwanza kunata. Pedi yake ni sufu iliyobanwa na kuvikwa utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Unyevu wa pwani ukichanganyika na sukari ya soda uliyokunywa kabla ya kupiga, utando unagandamana na ukingo wa tundu.

Chukua karatasi ya kusokotea sigara, isiyo na gundi. Ingiza chini ya pedi, bonyeza kifuniko taratibu, hesabu tano, inua kifuniko ndipo utoe karatasi. Rudia kwa kipande kikavu mara tatu au nne. Usiivute karatasi huku umebana, utando utachanika na pedi hiyo haitafunga tena. Poda usitie. Inakausha leo, wiki ijayo imekuwa uji.

Kila ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa cha pamba kwa kijiti ndani ya vipande vyote vitatu, na kitambaa hicho kilicholowa kikae nje ya kasha. Ndani ya kasha weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe vikichoka. Springi za chuma hushika kutu kwa hewa ya chumvi, hivyo futa alama za vidole juu ya vifuniko. Dawa ya kung'arishia shaba isiguse fluti, inaingia kwenye vyuma vya mzunguko na kula fedha iliyopakwa juu. Kikiendelea kunata baada ya wiki mbili za karatasi na kitambaa, pedi imeisha. Mpelekee fundi anayebadilisha pedi za fluti, si wa saksafoni tu, na mwambie aanzie hiyo ya G kreshi.